Tutachapwa Brandvold

Jumatatu, 12 Oktoba 1987

Mvua tangu alfajiri. Korongo, timu ya chuo chetu ya mpira wa Kimarekani, wamefungwa tena juzi, nyumbani, mbele ya watu wachache na mbwa wa mchungaji. Nami kwenye safu yangu ya Alhamisi gazetini niliandika kwamba watashinda kwa raha zao. Wiki iliyotangulia niliandika hivyo hivyo. Na nyingine kabla yake. Tangu Septemba Chuo cha Tilden hakijashinda hata mechi moja, na mimi sijatabiri kufungwa hata mara moja. Huo ndio uaminifu! Nani anauthamini? Hakuna.

Bi Marlys, mhariri wetu, kaniita ofisini. Hakunipa kiti. Kasema watu mjini wanaisoma safu yangu ili wajue ni jambo gani halitatokea. Kasema Jumamosi tunakwenda ugenini kwa Mafahali wa Brandvold, mechi ya ligi, na nikikosea tena utabiri, safu anapewa Dokta Stuckey.

Verlyn Stuckey! Daktari wa meno mstaafu. Mtu aliyening'oa gego zima akaliacha bovu, kisha akaniambia nisijitie kulialia, mwanaume mzima. Eti ameshapeleka na picha yake. Kavaa tai.

Nimerudi nyumbani. Mlango wa friji mtupu. Mke wangu Arlene alikuwa akiikata safu yangu kila Alhamisi kwa mkasi wake wa kushonea, anaibandika pale kwa sumaku ya jogoo. Tangu tumzike Machi, hakuna anayekata. Nimejaribu mwenyewe, inatoka upogo. Ile safu ndiyo inayonitoa kitandani. Akiichukua Verlyn, sijui nitakuwa naamka kufanya nini.

Maharage ya kopo. Sikuyapasha moto.

Jumanne, 13 Oktoba

Mpango! Kocha Lindquist kafunga mazoezi, waandishi marufuku. Mwandishi mwenyewe ni mimi tu. Basi nikajibanza kwenye shamba la mahindi la Hruska, nyuma ya uwanja wa chuo, na darubini ya Arlene ya kutazamia ndege. Mabua makavu, marefu kunizidi. Mahali pazuri kabisa pa ujasusi.

Nimeona mengi, na yote ya kusikitisha. Mrusha mpira wetu anarusha kama mtu anayefukuza paka kwa kiatu. Mpiga mateke, kijana Duane Pospisil, kapiga mpira ukagonga nguzo, ukarudi, ukampata Kocha mgongoni.

Hakuna aliyeniambia kwamba Hruska anavuna leo. Mashine yake ikaanza kunguruma nyuma yangu. Nikasogea. Nayo ikasogea. Nikatimua mbio. Nikaibukia katikati ya uwanja, maganda ya mahindi kichwani, darubini shingoni, vijana wote wamesimama wananitazama. Kocha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya upole ambayo ni mbaya kuliko matusi, kama ni Brandvold walionituma. Pospisil akadakia, “Mwache mzee wa watu, Kocha. Brandvold wangetuma mwenye akili.”

Wamecheka mpaka wakakaa chini. Haya, Pospisil. Tutaonana gazetini.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimekaa mbele ya taipureta tangu kifungua kinywa. Nikitabiri tushinde, tutafungwa, safu imekwenda. Nikitabiri tufungwe, tutafungwa, safu imebaki. Mtoto wa chekechea angeona hilo.

Lakini mkono umekuwa mzito. Katika mji huu mtu unaweza kubadili kanisa, ukabadili hata mke, watu wakasema hewala. Kutabiri chuo chako kifungwe, ugenini, kwa Brandvold? Baba yangu angenifukuza mezani.

Ndipo nikapata hila ya kuituliza roho. Kila kocha katika ligi hii ana tabia moja: akiona gazeti limewadharau vijana wake, anakata kipande kile na kukibandika ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Vijana wanakisoma wakifunga kamba za viatu, damu inawachemka, wanatoka mle ndani kama nyuki. Kila anayeandika mambo ya mpira analijua hilo, na anachunga ulimi. Sasa mimi nitafanya kinyume chake. Nitawasifu Brandvold mpaka wavimbe vichwa. Nitawaponda wetu. Brandvold watasoma, watajiona wameshamaliza kazi, watakuja uwanjani wanapiga miayo. Kwa hiyo kumbe ninaisaidia timu! Huku nikilinda safu. Orrin Haugland, wewe si mtu wa mchezo.

Kichwa cha habari: TUTACHAPWA BRANDVOLD. Nimesema Mafahali ni ukuta wa zege, na Korongo ni ndege waliosahau kuruka. Nimesema kocha wetu afadhali abaki nyumbani akachome majani. Nimesema mguu wa Pospisil ungefaa zaidi kuwa mguu wa meza. Hapo nilicheka peke yangu jikoni. Nikageuka kumsomea Arlene.

Saa nyingine bado nasahau.

Alhamisi, 15 Oktoba

Gazeti limetoka. Nimeingia mgahawani kwa Dolores, mazungumzo yakakatika. Dolores kanimiminia kahawa ya tangu asubuhi na kuisukuma mbele yangu ikamwagika kwenye kisahani. Nikauliza kama kuna pai ya maboga. Kasema ipo, ila ni ya wanaoipenda timu.

Verlyn kaja kunipiga begani, watu wote wakiona. Kasema nimekuwa jasiri sana. Kasema yeye angekuwa na safu, asingeweza kuwatupa vijana wetu namna ile, lakini kila mtu na malezi yake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nyoka yule!

Kaka wa Dolores, anayeendesha basi la mashabiki, kasema nafasi yangu ya Jumamosi ipo kwa sababu nilishaiandikisha. Si kwa sababu nyingine yoyote, kasema.

Sijali. Tukifungwa, safu ni yangu.

Ijumaa, 16 Oktoba

Balaa! Balaa kubwa!

Nimekutana na mama anayefua jezi za chuo, dukani, kwenye foleni ya mkate. Kaniuliza kama nimeiona makala yangu ilivyowekwa ukutani. Nikafurahi. Nikasema, lo, Brandvold wameibandika mapema hivyo? Kanitazama kama mgonjwa. Kasema, Brandvold wapi, Mzee Orrin? Ipo kwetu. Kocha kaibandika juu ya beseni la kunawia. Vijana tangu jana hawacheki, hawali. Kasema Pospisil anapiga mateke gizani.

Nilikuwa nimeuwaza ukuta wa Brandvold. Ukuta wetu wenyewe sikuufikiria hata kidogo!

Sasa wakishinda je? Wakishinda, nimekosea tena, na Verlyn ndani. Lazima kitoke kile kipande. Nikaoka biskuti kwa karatasi ya mapishi ya Arlene, upande mmoja zikaungua, nikaenda nazo chuoni, eti zawadi ya timu. Vijana walikuwa darasani. Mlango wazi. Harufu ya jasho na dawa ya misuli.

Nikakiona juu ya beseni. Nikanyoosha mkono.

Kimekatwa vizuri. Kingo zimenyooka kabisa, pembe nne kamili, kana kwamba mtu ametumia rula. Hakuna neno lililoliwa na mkasi. Gundi ya karatasi kila pembe. Mtu alikaa chini, akachukua muda wake, akaikata safu yangu. Tangu Machi hakuna aliyefanya hivyo.

Nimesimama pale kama mjinga. Mkono haukufika. Nikaziacha biskuti kwenye benchi, nikarudi nyumbani, nikalia. Ndiyo, nimelia, kwani kuna nani wa kuniona?

Jumamosi, 17 Oktoba

Basi, safari ndefu kaskazini, theluji nyepesi inagonga vioo. Hakuna aliyekaa karibu nami. Kiti cha Arlene nimeweka chupa ya kahawa. Nje ya uwanja wa Brandvold mashabiki wetu walikuwa wanachoma soseji nyuma ya magari, moshi, nyimbo. Nikasogea na mkate wangu. Verlyn, ndiye aliyeshika koleo, kasema soseji zimekwisha. Zilikuwa zinatoa mafuta machoni pangu!

Wale Mafahali ni kweli ukuta. Lakini vijana wetu! Sijawahi kuwaona hivyo. Wanaanguka, wanainuka, wanarudi palepale. Yule mrusha mpira kaumia pua, kafuta damu kwa mkono wa jezi, kaendelea. Watu wetu wamesimama muda wote. Mimi nimekaa. Nilikuwa napiga hesabu ya safu yangu kila tulipopata pointi, na kila pointi ilinichoma.

Mwishoni tuko nyuma kwa pointi mbili, na teke moja likipita katikati ya nguzo linatupa tatu. Akatoka Pospisil. Mguu wa meza.

Niandike ukweli, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Niliomba akose. Mimi, mtoto wa Tilden, nimevaa skafu aliyonifumia Arlene kwa rangi za Korongo, niliomba mtoto yule akose. Nilifumba macho kabisa.

Nikasikia kelele za watu wetu.

Bibi mmoja asiyenijua kanikumbatia. Nikawa natokwa machozi, kasema lia tu baba, hata mimi nalia. Korongo wameshinda ugenini, mara ya kwanza msimu huu, na mtu pekee aliyekufa ganzi ni mimi.

Wakati basi linawashwa, Pospisil kaja dirishani, tope mpaka kwenye nyusi. Nikadhani atanitemea. Akagonga kioo, nikafungua kidogo. “Mzee, mguu wa meza umeuonaje?” Kisha akacheka, meno yote nje. “Wiki ijayo tutukane tena, wee mzee. Usituache.”

Nimekunywa kahawa yote, na sehemu ya Arlene.

Jumatatu, 19 Oktoba

Bi Marlys hakunipa kiti. Kasema amefurahi sana kwa ushindi, na amesikitika sana kwa ajili yangu, na kwamba makubaliano ni makubaliano. Nikamweleza kwamba wameshinda kwa sababu ya safu yangu. Ukuta! Beseni! Kasema huo si utabiri, Orrin, huo ni uchokozi.

Verlyn alikuwa barazani, anasubiri zamu. Na ile tai. Kaniuliza jino linaendeleaje.

Jumatano, 21 Oktoba

Nimeamka saa nne. Sikuona sababu ya kuamka mapema. Nikaenda kununua maziwa. Pospisil kanipata barabarani, kauliza safu ya kesho nimewatukana vipi, kasema ukuta wameshaupangusa, nafasi ipo. Nikamwambia sina safu tena. Kasema, “Aah, mzee wangu. Pole.” Akanibebea maziwa mpaka mlangoni. Chupa moja tu, kaibeba.

Nimekaa jikoni hadi giza likaingia. Mlango wa friji, sumaku ya jogoo, basi.

Alhamisi, 22 Oktoba

Safu ya kwanza ya Verlyn! Nimeisoma nimesimama. Jumamosi Korongo wako nyumbani, wanakuja Mbwamwitu wa chuo cha Mtakatifu Odile. Verlyn anasema tutawameza. Anasema waje na mito, maana watalala mapema. Anasema mrusha mpira wao ana mikono ya bibi harusi, na kocha wao angekuwa jino, yeye angeshaling'oa.

Mjinga huyu! Kawatukana wageni gazetini! Hajui hata habari ya ukuta!

Nikakaa. Nikainuka. Nikazunguka meza. Lo, mpango umekuja wenyewe, mzima mzima, sijapata mpango safi kama huu. Mbwamwitu wakiisoma hiyo wakiwa wanafunga viatu, watakuja hapa kama nyuki. Korongo watafungwa. Verlyn atakuwa amekosea mara ya kwanza tu. Bi Marlys atanipigia simu mwenyewe, na safari hii atanipa kiti. Na wiki inayofuata nitamtukana Pospisil mpaka aone nyota, kama alivyoniomba. Kwa hiyo kumbe ninamsaidia na yeye! Kufungwa mara moja zaidi kutamwondolea nini? Amezoea.

Nimechukua mkasi wa Arlene. Nimekata kipande cha Verlyn. Kimetoka kimenyooka, pembe nne kamili, angefurahi. Nimepigia mstari yale maneno ya mito. Pembeni nimeandika: kutoka kwa rafiki asiyetaka kujulikana.

Nimekitia kwenye bahasha, nikaipeleka posta kabla ya saa sita, iende kwa Kocha wa Mtakatifu Odile, ifike kesho. Karani kasema hali ya hewa ni mbaya huko, barua nyingine zinapotea. Mimi sina wasiwasi. Nyuma ya bahasha nimebandika kile kikaratasi chenye jina langu na anwani yangu, kama Arlene alivyonizoesha, ili ikipotea irudi nyumbani.