Ombi la Kuondoa Falsafa ya Siasa kwa Wanasheria Kabla ya Jumapili

Ndugu Mkuu wa Kitivo cha Sheria,

Pokea heshima zangu. Mimi ni mwenyekiti wa wapangaji katika jengo letu la ghorofa tatu, cheo nilichokishika miaka kumi na moja bila kumsumbua mtu kwa kura. Binti yangu ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Nilimleta kwenu asome sheria. Kumbe mnamchanganyia sayansi ya siasa na falsafa ya siasa, na sasa wapangaji wanataka uchaguzi Jumapili hii. Chanzo ni somo lako.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka wa kwanza mtoto alikuwa dhahabu. Alizikariri kanuni za jengo, nilizoziandika mwenyewe kwenye daftari, akanionyesha kwamba kwa kanuni ya sita naweza kumfungia maji mama fundi cherehani kwa kuanika nguo ngazini. Tukamfungia siku tatu. Kila kitu kilikwenda kisheria, na mama yule alilia kisheria. Nilijivunia sana.

2. Mwaka wa pili akarudi na maswali. Kanuni ya sita aliitunga nani? Nikasema mimi. Nani alinipa mamlaka? Nikamwonyesha kanuni ya kwanza. Na hiyo aliitunga nani? Ndugu Mkuu, mtu mzima na mvi zangu, nilikwenda kujifungia chooni.

3. Ugonjwa unaambukiza. Mke wangu, ambaye miaka ishirini hakuuliza kwa nini rimoti inakaa kwangu, sasa anasema utawala bila ridhaa ya watawaliwa ni ubabe. Alisema hivyo rimoti ikiwa mkononi mwake.

4. Bila kutumwa, binti alikwenda kumwomba radhi fundi cherehani. Wakanywa chai, wakasoma daftari langu lote. Kesho yake jengo zima lilijua kwamba hakuna ukurasa unaoeleza mwenyekiti anaondokaje. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilimkunja vizuri, ninyi mkamnyoosha.

5. Mwanasheria anahitaji kujua sheria inasema nini, basi. Kujua inamsemea nani na inamnyamazisha nani ni kumtwisha mzigo wa bure. Fundi kufuli hana haja ya kuuliza nani amefungiwa ndani.

Kwa hiyo naomba somo hilo liondolewe kabla ya Jumapili. Ikishindikana, wapeni wahandisi, maana wao hawana tabia ya kusoma daftari za watu.

Wasalimie wahadhiri, makarani na watu wa maktaba. Yule wa falsafa msalimie nusu.

Wako mtiifu,
Mwenyekiti wa Wapangaji (bado)

N.B. Barua imechelewa kwa sababu ya kuisahihisha, na uchaguzi ulifanyika jana. Fundi cherehani kapata kura kumi na nne, mimi mbili. Moja niliipiga mwenyewe. Ya pili nilidhani ni ya mke wangu, akacheka. Ni ya binti yangu. Nikamuuliza kwa uchungu, iweje anipindue halafu anipigie kura? Akasema hakutaka niondoke, alitaka nichaguliwe. Nililia, Ndugu Mkuu, wala sioni aibu kukuambia. Somo liacheni lilipo. Ila nijulishe linafundishwa siku gani na saa ngapi, maana sasa nina nafasi.