Malalamiko kwa Shemeji Aliyeificha Bahari

Lewisville, Texas
9 Juni 2019

Kwa Shemeji Isack,
Mwenye funguo za bahari ya Uingereza.

YAH: KUNYIMWA PAHALI PA KUVULIA SAMAKI KWA MKUKI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, na kabla hujaanza kucheka, kaa chini. Sisi huku hatujambo. Dada yako Prudensia hajambo, mtoto ana miezi mitatu na sauti ya dalali wa mnadani, mama yako ndiyo usiseme, anatuzidi wote kwa afya. Joto limeshaanza, lami ya maegesho inanata viatuni. Basi, salamu zimeisha, tuingie kwenye ugomvi.

Nakuandikia barua ya karatasi kwa sababu kwenye WhatsApp umenizoea. Nikikuuliza jambo la maana unanitumia kikatuni cha samaki anayecheka. Karatasi haina vikatuni, itabidi ujibu kwa maneno.

Jambo lenyewe unalijua, lakini nalieleza upya ili hata mtu baki akiiokota hii barua aone mwenye makosa ni nani. Tarehe kumi na moja Agosti namsindikiza mama kurudi Moshi kupitia kwako Devon, na tutakaa kwako siku saba. Katika siku hizo saba nataka kitu kimoja tu duniani: mama mkwe wangu ale samaki niliyempiga mkuki mimi mwenyewe, nikiingilia ufukweni kwa miguu yangu, bila mashua na bila kupitia dukani. Mmoja tu! Sheria ya huko inaruhusu yule bass wenu mmoja kwa siku, asipungue sentimita arobaini na mbili, kwa hiyo serikali na mimi tumeshakubaliana. Aliyebaki ni wewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka jana nilipokuja kwenye ubatizo wa mwanao, ulinipeleka kuvua kwa mtindo wa kuteka nyara. Simu yangu uliichukua ukaifungia kwenye kidroo cha gari pamoja na soksi zako. Ukazunguka mzunguko mmoja wa barabara mara tatu, na usikatae, maana yule mama anayeuza stroberi pembeni alitupungia mkono mara ya tatu. Tukashuka, tukakata mashamba, tukapita kwenye ng'ombe, na kila palipokuwa na kibao upande wa kulia ulinionyesha mandhari upande wa kushoto. Nikaisifu mandhari, mjinga mimi. Tukaingia majini, maji safi hadi nikaviona vidole vyangu vya miguu. Wewe ukatoka na samaki urefu wa mkono, mimi nikatoka na mwani. Nilipokuuliza hapa ni wapi, ukanijibu kwamba ni karibu na bahari. Karibu na bahari! Mtu mzima na ndevu zako, Isack, hivi kweli hilo ni jibu la kumpa shemeji?

2. Picha. Kila Jumapili unatuma kwenye kundi la familia picha ya samaki, na umeikata mpaka halionekani jiwe wala kilima, nyuma yake umetandaza blanketi la mtoto. Mama anavaa miwani, anaiangalia, halafu anaizungusha nyumba nzima. Ameipeleka hadi chumba cha kufulia, wale jirani zetu wa Meksiko wote wanakujua kwa jina. Isack wangu huyo, Isack wangu yule. Simu anaisimamisha mbele ya sahani yangu wakati mimi nakula kuku wa kununua. Hana nia mbaya, najua. Mimi ninayempeleka misani kila Jumapili na kumtafutia nyama ya mbuzi mpaka Richardson, sifa yangu kwake ni moja: naendesha gari taratibu.

3. Kwa heshima ya ukwe, mimi na mama tuna mazungumzo ya aina tatu: hali ya hewa, mtoto, na kama nimekula. Tangu afike mwezi wa tatu hatujavuka hapo. Siwezi kukaa na mama mkwe nikampigia soga za uvuvi, wala kumwambia kwamba naumia nikiona picha zako, labda kama nimepatwa na wazimu. Samaki ndiye angenisemea. Mkwe anaweka samaki mezani, anasema karibu mama, anakaa kimya, na kila kitu kinakuwa kimeeleweka.

4. Asije mtu akasema nimekaa tu nikisubiri kulishwa. Nimehangaika, tena sana:

(a) Kila saa ya chakula cha mchana, ofisini Richardson, naichana pwani ya Devon kwa picha za setilaiti. Bosi akipita anaona ramani, ananipongeza kwa bidii. Nimejifunza peke yangu kwamba weusi ndani ya maji ni miamba yenye mwani, kwamba samaki hupita pale weusi unapokutana na mchanga, kwamba lazima pawe na pa kuacha gari bila kumuudhi mwenye shamba, na njia ya miguu isiyoishia juu ya genge la mwamba. Nimepata sehemu kumi na nne, nikakutumia zote unisahihishie. Umenijibu kwa samaki kumi na wanne wanaocheka. Ile ya sita, nimekuja kugundua kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa, ni bahari kwa saa mbili tu, muda mwingine wote ni tope. Yaani wewe ungeniacha nivae suti ya mpira na mapezi ya miguuni nikatembee kwenye tope mbele ya mama yako mzazi. Loh!

(b) Nimewaandikia wavuvi wa mkuki wa Kiingereza kwenye ukumbi wao wa mtandaoni. Niliandika kama nilivyolelewa. Niliwasalimu wote, nikauliza hali za familia zao na kazi zao, nikawapa pole ya mvua, nikajitambulisha nilikozaliwa na kwamba nina mtoto mmoja, nikawakaribisha Lewisville tuchinje mbuzi. Ndipo nikaomba kwa unyenyekevu kila mmoja ataje pahali anapopapenda kuliko pote. Kuonyesha sina kinyongo nikawapa na pa kwangu, yaani bwawa la kuogelea la hapa tunapoishi, ninapofanyia mazoezi ya kubana pumzi, pamoja na namba ya kufungulia geti. Siku nne kimya. Siku ya tano akajibu mmoja, kwa sentensi moja, kwamba ninunue ramani. Nimenunua. Ina kila kitu isipokuwa samaki. Na huku menejimenti imebadilisha namba ya geti na imetubandikia tangazo, sitaki kulizungumzia.

(c) Nimekuwa nikiendesha mwendo wa saa nne hadi Houston kwa rafiki yangu Balthazar, yule Mrundi wa Gulfton tuliyejuana kwenye mkutano wa kwaya, tukafanye mazoezi ya bahari yenyewe. Maji ya kule ni rangi ya chai ya maziwa. Wiki iliyopita Balthazar alilenga samaki akalipiga pezi la mguu wake mwenyewe, na tunamshukuru Mungu lilikuwa pana. Yeye amekulia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na anasema huko kwao mtu anakuonyesha samaki walipo kabla hajakutajia jina lake. Anaifuatilia kesi hii kwa karibu. Kila Ijumaa ananipigia kuuliza kama umejibu, na kila Ijumaa namficha aibu yako.

5. Sasa nakuja kwenye sheria. Nilipokuja kuposa, wajomba zako walinichambua. Waliuliza kazi, elimu, ukoo, kama kuna kichaa upande wa babu, hadi meno niliulizwa kama ni yangu. Sikuficha kitu. Mbuzi walifika, blanketi la bibi lilifika, sufuria kubwa ilifika, na ile ya pili mliyoongeza dakika za mwisho nayo ilifika. Hakuna hata mmoja wenu aliyesimama akasema kwamba familia hii ina bahari. Sasa naomba niulize kwa adabu: ndoa iliyofungwa huku upande mmoja umeficha bahari ni ndoa kamili? Sisemi haijakamilika, maana Prudensia amesimama nyuma yangu anasoma. Nasema tu kikao kifunguliwe upya.

Halafu mbuzi akichinjwa kwetu kila ndugu anajua kipande chake, na mkwe hasahauliwi. Nimehesabu picha zako: samaki thelathini na mmoja. Kipande changu kiko wapi? Sidai samaki, walishaliwa, Mungu awarehemu. Nadai walipotoka.

6. Tena bahari haina mwenyewe. Mtu anayejua pahali pazuri akanyamaza huyo ni mchoyo, awe shemeji awe nani, na sijui analala vipi usingizi. Mimi, naapa mbele ya Prudensia, siku nikipata pahali pangu, yeyote atakayeniuliza nitamwambia palepale, nitamchorea na mchoro, hata kama ni adui yangu.

Kwa hiyo naomba unipatie kwa maandishi: jina la kijiji, pa kuacha gari, geti la kupita, jiwe la kuingilia, na saa ya maji. Usiponipa hadi mwisho wa mwezi, nitaitisha kikao cha dharura cha wajomba wote kwa simu, nao watataka kujua kwa nini wameamshwa. Usipotikisika, nitakuja Agosti na Balthazar na kwaya nzima ya Houston, watu thelathini na wawili na kinanda chao, tusimame ufukwe mmoja baada ya mwingine, Devon yote, tukiimba sauti nne hadi samaki wahame. Ufukwe ambao wewe utatoka mbio kutunyamazisha ndio huo huo. Nimeshaanza ku-apply likizo.

Nisalimie mkeo, mwambie ile sweta inamtosha mtoto. Msalimie mbatizwa, majirani, padre aliyebatiza, na yule mama wa stroberi ambaye katika safari nzima ndiye pekee aliyenionyesha ukarimu.

Mimi mkwe wenu, niliyelipa hadi sufuria ya pili,
Elirehema

Nakala: Prudensia (amesoma, anasema ana aibu), Balthazar wa Gulfton, wajomba wote, ikibidi.

Baada ya kusaini: Shemeji, barua hii nisingeweza kuifunga kabla mama hajatia salamu zake, ndivyo tulivyozoea hapa nyumbani. Nikamsomea sebuleni. Nilikusudia kuruka ile namba tatu, Prudensia akasema soma yote. Nikasoma yote, macho yangu kwenye zulia. Mama alikuwa amempakata mtoto. Kwenye mzunguko wa barabara akaanza kutikisika kwa kicheko. Nilipofika kwenye kwaya alikuwa ameshavua miwani anafuta machozi. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, mbona sikumuuliza yeye.

Isack, akaenda chumbani akarudi na kile kidaftari anachoandikia presha yake. Ukurasa wa nyuma iko bahari yako yote. Kanisa mnapoacha gari. Geti lazima lifungwe kwa ajili ya ng'ombe. Ngazi arobaini na tatu. Jiwe lenye umbo la charahani, amelichora kabisa, na gurudumu lake. Kuingia saa moja kabla maji hayajajaa, kushika kulia hadi mwani uishe. Umemsimulia Jumapili hadi Jumapili, naye ameandika yote. Tangu mwezi wa tatu bahari yako imelala chumba cha pili kutoka kitandani kwangu, na mimi naulizana naye kama kutanyesha.

Nilimuuliza ulimwambiaje yeye ukaninyima mimi. Akasema hukutaka, ni yeye aliyekulazimisha. Alitaka ajue watu waanzie wapi kukutafuta siku usiporudi. Akasema tena kwamba habari ya samaki haimhusu, huyo bass wenu bila ndimu na pilipili hana ladha. Picha zako alikuwa ananisimamishia mbele ya sahani akingoja niulize chochote, tupate la kuongea. Na Agosti atakaa juu ya jiwe la charahani na blanketi na chupa ya chai, tuingie majini wote wawili kwa pamoja, awe na sehemu moja tu ya kuangalia. Tuliongea hadi chai ikapoa tukachemsha nyingine. Sijawahi kuongea na mama mkwe wangu namna ile, na nimefurahi kupita kiasi, nakwambia wazi.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi sita nimeyafuta. Kwaya nimeiarifu isije. Ila picha zako endelea kuzikata, tena kata zaidi, Jumapili iliyopita pembeni nililiona jiwe.

Balthazar amepiga sasa hivi, leo wala si Ijumaa. Nimemwambia pahali pamepatikana. Akafurahi sana, akauliza ni wapi.

Nimemwambia ni karibu na bahari.