Kufuli la Garnet Fehr

Siku Garnet Fehr alipopata kazi yake mpya, alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye mgahawa wa donati mjini Winnipeg, na mimi ndiye niliyempa wazo. Nilikuwa nikimlalamikia rafiki yangu kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuhurumiwa na mgahawa mzima.

"Programu za aina hii kompyuta inazisoma mstari kwa mstari," nilisema. "Ukimuuzia mtu, umempa na maandishi yake yote, wazi kama gazeti. Mteja wangu wa mji wa Brandon amenakili, akampa shemeji yake!"

Nilipokata simu, kiti cha nyuma kiligeuka.

"Samahani, ndugu yangu," alisema Fehr. "Nyumba nzuri hivyo, halafu mlango hauna kufuli?"

Fehr hakuwa na uwezo wa kuandika programu ya kujumlisha mbili na mbili, lakini kwa ulimi ule angewauzia nyuki asali. Wiki iliyofuata alikuwa na kampuni, kadi, na bidhaa iitwayo Kufuli. Unamtumia msimbo wako, yaani yale maandishi ya programu, anaupitisha kwenye mashine fulani ya bure mtandaoni, unarudi umekuwa vurugu la herufi. Kuurudisha ulivyokuwa ilikuwa kazi ya nusu dakika. Mimi, mwenye shahada ya kompyuta ya miaka minne, nililipa siku hiyohiyo. Nembo yake ilikuwa ya dhahabu.

Faida yenyewe haikuwa kwenye Kufuli. Ilikuwa kwenye ile misimbo mizima tuliyomtumia. Iliyo bora aliibadilisha jina na kuiuza. Yangu, ya kukodisha vibanda vya kuvulia samaki kwenye barafu, hakuiuza. Aliitazama, akaiacha. Nakiri kwamba hilo liliniuma kuliko wizi.

Kibaya zaidi, nilimsifia kwa watu. Ndivyo Odile Chartrand alivyomfikia. Bi. Odile, mstaafu wa posta wa Saint Boniface, alikuwa ameandika kwa miaka tisa programu ya kupanga mechi za kerling, ule mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu huku watu wazima wakifagia mbele yake. Programu yake ilijua nani anafanya kazi zamu, nani anaumwa goti, na nani asipangwe na mtalaka wake.

"Na wewe hutabaki na nakala?" alimuuliza Fehr.

"Mama, nikibaki nayo, mkono huu ukauke!"

Kufikia Desemba mkono ulikuwa mzima na programu ilikuwa imeuzwa kwa klabu kumi na moja kwa jina la Barafu Bingwa. Fehr, kwa ulafi, aliongeza ahadi kwenye mikataba: ratiba ikivurugika, anarudisha fedha mara mbili.

Bi. Odile alipojua, alikuja kwangu. Nilijiandaa kutukanwa.

"Nenda kwa wakili," nilimwambia kwa aibu.

"Wakili atakula msimu mzima na kujilamba vidole," alisema. "Wewe umewahi kuusoma msimbo wangu?"

"Hapana."

"Basi tulia."

Januari, chama cha mkoa kikabadilisha kanuni: timu za watu wanne ziwe za watatu, kuanzia Jumatatu. Klabu zote kumi na moja zikampigia Fehr simu. Akaajiri mtaalamu wa kwanza, huyo akakimbia. Wa pili hakukimbia, ila alianza kuongea peke yake. Ijumaa Fehr akabisha mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Ndugu yangu, wewe ni msomi. Nirekebishie tu sehemu ndogo."

Sifa hiyo ilinitosha. Nikaufungua msimbo. Bi. Odile hakutumia majina ya kawaida; kila kitu alikiita kwa jina la ndugu zake. Mstari wa mia nne ulisema: *Kama Shangazi Bernadette amenuna, ruka Alhamisi.* Wa mia tano: *Mjomba Alcide asikae karibu na mlango.* Hakuna mahali palipoeleza Alcide ni nani, wala mlango upi. Niligusa neno moja tu, na klabu ya Gimli ikapangwa kucheza dhidi yake yenyewe, saa kumi na moja alfajiri, siku arobaini mfululizo.

"Kuna mtu mmoja tu duniani," nilimwambia Fehr, "na unamjua."

Tulimkuta Bi. Odile akila supu ya dengu. Alitukaribisha, akatuwekea na mkate wa nyama, jambo lililomtisha Fehr kuliko matusi.

"Mama yangu," alianza, "kuna kutoelewana kidogo..."

"Kula kwanza. Mikataba umekuja nayo?"

"Ipi?"

"Yote kumi na moja. Utaiandika kwa jina langu. Ile ahadi ya mara mbili tunaifuta."

"Mama, hiyo ni kunivua nguo!"

"Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, mwanangu. Mimi nisingevua."

Alisaini. Bi. Odile alikwenda chumbani na kurudi baada ya dakika kumi na mbili, kazi imekwisha. Kisha akampa Fehr barua: ungamo, kurasa mbili, limepigwa chapa. Alitakiwa kulisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wanachama wa kila klabu. Na dereva wa kumzungusha, alisema akinitazama, atakuwa yule aliyemsifia.

Kwa hiyo nilimwendesha. Klabu ya Selkirk walimzomea. Gimli walimtupia glavu. Lakini njiani Fehr alianza kurekebisha pumzi zake. Kule Portage alitulia kidogo kwenye neno "aibu". Kule Dauphin alipiga goti. Tulipofika klabu ya mwisho, kaskazini kabisa, alisoma kwa utamu hata mwenyekiti akafuta machozi, na baada ya makofi wanaume watatu walimfuata hadi mlangoni kumuuliza ni nani aliyemwandikia, na ungamo kama lile linauzwa kiasi gani.

Fehr alinitazama.

"Inategemea," aliwaambia, "mmefanya nini."