Kuhusu Nyati Aliyekataa Kupisha Gari la Shule ya Udereva

Kwa Mhifadhi Mkuu,
Hifadhi ya Taifa ya Mlimani.

Ndugu Mhifadhi Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na askari wako. Wanyama wako siwaulizii hali, maana nimewaona kwa karibu kuliko nilivyotaka, na wote wana afya.

Mimi ni mwalimu wa udereva hapa mjini, chini ya mlima wako. Nimefundisha madereva wa mabasi, wa malori, mahakimu wawili na padri mmoja. Sijisifu, nakueleza tu ili ujue kwamba anayelalamika si mtu wa kulalamika ovyo. Jumamosi iliyopita nilipita hifadhini kwako kwa gari la shule yangu, nikiwa na mke wangu na mama mkwe. Hatukuja kutalii. Mke wangu ni mkunga, na amepewa kituo cha afya cha upande wa pili wa mlima akiongoze. Kazi hiyo aliiomba tangu kitinda mimba wetu anatambaa, na huyo kitinda mimba sasa ananyoa ndevu. Anatakiwa kuripoti Jumatatu ijayo asubuhi. Asipofika, nafasi anapewa aliyemfuata. Barabara ya kwenda huko ni moja tu, nayo inapita katikati ya hifadhi yako. Yeye anataka awe anaendesha mwenyewe, anapanda Jumatatu na kushuka Ijumaa. Mimi nikasema, twende kwanza tukaione hiyo barabara.

Tumeiona. Ndiyo sababu naandika. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili ofisi yako iyashughulikie moja baada ya jingine bila kurukaruka.

1. Kibao cha langoni. Kinasema: WANYAMA WANA HAKI YA KUPITA KWANZA. Sheria ya usalama barabarani nimeisoma tangu jalada la mbele hadi la nyuma. Haki ya kupita kwanza wanayo zimamoto, gari la wagonjwa na misafara ya wakubwa. Nilipomuuliza askari wako, yule mtu mzima mwenye kofia pana, wanyama wamepewa haki hiyo na kifungu gani, alinijibu, "Mwalimu, hicho kifungu utakutana nacho mbele, kina pembe mbili." Naona hilo si jibu la kiofisi.

2. Nyani. Tulisimama kwenye kituo cha kwanza cha kutazamia bonde ili rejeta ipoe. Juu ya paa la gari letu huwa kuna kibao chenye herufi L, kuwaonya wengine kwamba humu ndani kuna mtu anajifunza. Nyani mmoja dume, mwenye sura ya mkaguzi wa magari, alipanda juu ya paa, akakitazama kibao mbele na nyuma, akaking'oa, akapanda nacho mtini. Mke wangu akasema, "Hata nyani ameona nimeshahitimu."

Hapa inabidi nieleze, usije ukanifikiria vibaya. Leseni anayo tangu mwaka juzi. Lakini leseni ya serikali ni kitu kimoja, na kuridhika kwa mwalimu ni kitu kingine. Kila akikaribia kumaliza mafunzo, mimi hugundua somo ambalo hajalipata. Alipomaliza kuendesha kwenye mvua, niligundua hajaendesha kwenye mvua yenye upepo. Alipomaliza hilo, niligundua upepo ule ulikuwa wa kutoka upande mmoja tu. Ualimu ndio huo, hauna njia ya mkato. Kwa hiyo naomba kibao kirudishwe, na nyani aelezwe kwamba kuamua nani amehitimu ni kazi yangu.

3. Tembo. Walivuka mbele yetu familia nzima, bibi, mama, shangazi na watoto. Hakuna hata mmoja aliyeangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena, jambo ambalo mtoto wa chekechea analijua. Shangazi mtu alisimama katikati ya barabara kufikiria tawi. Alilifikiria kwa kirefu. Napendekeza tembo wote wabandikwe viakisi mwanga vyekundu nyuma na vyeupe mbele, kama matrela, na kazi hiyo iwe imekwisha kabla ya Jumatatu.

4. Wanyama kutokea bila utaratibu. Hili ni zito, na linamgusa mama mkwe, kwa hiyo nitalieleza kwa adabu.

Gari la kufundishia lina breki mbili. Moja ni ya dereva, nyingine iko miguuni pa anayekaa kiti cha pembeni, ambapo kwa kawaida nakaa mimi. Siku hiyo niliendesha mwenyewe, na kiti cha pembeni alikaa mama mkwe, kwa sababu mtu mwenye akili zake hamweki mama mkwe nyuma. Nilipotazama chini tukiwa tumeshaanza kupanda, niliona ameweka miguu juu ya ile breki. Sasa, Mhifadhi, wewe nawe una wakwe. Utaanzaje kumwambia mama mkwe atoe miguu? Nilizunguka kwa mbali. Nikamuuliza, "Mama, huko mbele miguu inapata nafasi?" Akajibu, "Inapata sana, mwanangu. Tena umeniwekea na kigoda. Mungu akubariki."



Kila alipoona mnyama, mama mkwe alishtuka, na kila aliposhtuka, gari lilisimama. Swala, tukasimama. Ngiri na watoto wake, tukasimama, mimi kifua kwenye usukani. Kwale, tukasimama. Jiwe lililofanana na kifaru, tukasimama, na tulipogundua ni jiwe tukasimama tena kwa sababu ya kucheka. Mama mkwe akaanza kulisifu gari. "Hili gari limelelewa," alisema. "Likiona kiumbe wa Mungu, linasimama kumsalimia. Si kama magari ya siku hizi." Mke wangu kule nyuma alikuwa ameuma ncha ya mtandio, mabega yanamtikisika.

Nimetafakari kosa ni la nani. La mama mkwe haliwezi kuwa. Langu si langu, mimi nilikuwa kwenye usukani nikifuata sheria. Wanabaki wanyama. Naomba wapangiwe zamu: swala asubuhi, ngiri mchana, kwale siku za mapumziko. Mawe yanayofanana na kifaru yapakwe chokaa.

5. Nyati. Ukifika kona ya saba, kama ujuavyo, mlima umekubana kulia, korongo limekukodolea macho kushoto, na ukungu unashuka bila hodi. Hapo ndipo tulipomkuta, amesimama barabarani, amekingama, hana taa, hana pembetatu ya tahadhari. Nilifuata taratibu. Niliwasha taa. Nilisubiri. Nikapiga honi. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa na mgeni asiye na shida ya maana. Nikapiga tena, ndefu kidogo. Akaanza kuja.

Wakati huo nilichukua uamuzi wa kitaalamu wa kuhamia kiti cha nyuma, ili niweze kuisimamia hali kutoka pande zote. Kupita katikati ya viti kulikuwa kugumu, na kiatu changu kimoja kilibaki kwenye gia. Mke wangu alikuwa anapita kuelekea mbele. Tulipishana hapo katikati bila salamu. Alikaa kwenye usukani, akaivuta gia, na akazungumza kwa ile sauti anayoitumia kwa wanawake wenye uchungu wa kuzaa. "Mama, inua miguu hapo, usiiteremshe mpaka nikwambie. Mwalimu, funga mkanda. Sasa tupumue taratibu." Mama yake akainua miguu mara moja. Kumbe lilikuwa jambo la kusema tu!

Basi akarudi kinyumenyume, Mhifadhi. Kwenye ukungu, kwenye mteremko, kona ya saba, kisha ya sita, mpaka pale mlipochimba mahali pa magari kupishana. Nyati alitusindikiza hadi kona ya sita. Alipoona hakuna wa kubishana naye, akaingia kwenye majani akaanza kula. Mke wangu akazima gari, akaniuliza kama nataka maji.

Malalamiko yangu hapa ni kwamba wakati anarudi nyuma alitumia vioo peke yake, badala ya kugeuza shingo kama ilivyo kwenye somo la kumi na mbili. Tabia hiyo mbaya ameambukizwa na nyati wako. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, lakini hawakusema apishwe kinyumenyume.

6. Maneno ya askari wako wa lango la juu. Huyu naye alikuwa akitufuatilia kwa darubini kila ukungu ulipoachia. Mke wangu aliposhusha kioo, askari alimuuliza, "Mama, wewe miaka yote hii umekuwa ukiendesha wapi?" Mke wangu akajibu, "Kiti cha nyuma." Wakacheka wote wawili mpaka kofia ya askari ikadondoka. Kisha akanichungulia mimi, niliyekuwa nimejifunika shuka la mama mkwe kwa ajili ya baridi, akauliza kwa upole kama huyu ndiye mgonjwa anayepelekwa kituo cha afya.

Naomba askari wako wasisifu dereva yeyote bila idhini ya shule yake. Tangu siku hiyo, mke wangu anapanga mizigo huku anaimba. Ameshafunga vitabu vyake, mizani ya kupimia watoto na sufuria ndogo. Ukiingia chumbani sasa, sauti inakurudia. Hata kabati likifunguliwa linalia kama la nyumba ya kupanga iliyohamwa.

7. Kwa hayo yote, ombi langu ni moja. Naomba kabla ya Jumatatu uniandikie barua yenye mhuri, ikisema kwamba barabara ya hifadhi imefungwa kwa magari yote yanayoendeshwa na wakunga, mpaka nyati wote watakapomaliza mafunzo. Mafunzo nitayatoa mwenyewe, Alhamisi alasiri, kwa makundi. Mke wangu katika jambo hili hanisikilizi mimi, ila mhuri anauheshimu. Kama barua hiyo haiwezekani, basi naomba kituo cha afya kihamishiwe upande huu. Hilo nalo likishindikana, wajawazito wa upande ule waombwe kuvuta subira. Nilimdokezea mke wangu wazo hilo la mwisho. Alisema wanawake wa kule hivi sasa wanashushwa mlima kwa pikipiki, uchungu umeshawashika. Kisha akasema, "Sawa, Mwalimu. Nenda wewe ukawaambie watoto wasubiri ukungu uondoke." Nimelitafakari jibu hilo kwa siku nne na sijapata hoja ya kulipinga, lakini natumaini ofisi yako, yenye wasomi wengi, itaipata.

Nisalimie askari wa lango la chini, na yule wa lango la juu pia, ingawa simtakii salamu nyingi. Wasalimie tembo, hasa bibi yao, ambaye alikuwa na heshima zake. Mama mkwe anakusalimu sana, anasema una wanyama wazuri na anauliza tutarudi lini. Nyati mwambie tu kwamba nimeandika.

Nakuachia hapo, kwa heshima zote na kwa mkono wa kulia,

Mwalimu wa Udereva,
mtumiaji wa barabara mwenye nia njema.

Baada ya sahihi: Nimeambiwa posta haiwezi kukufikishia barua hii kabla ya Jumatatu. Nimeuliza mji mzima ni nani anapanda mlimani, nikampata mmoja tu. Kwa hiyo utaipokea mkononi mwa mke wangu, Jumatatu hiyo hiyo, lango likifunguliwa. Anaendesha mwenyewe, yuko peke yake. Funguo nimempa jana. Nilikaa jioni nzima nikitafuta somo ambalo hajalipata, sikuliona. Matairi nimeyapima upepo, na nimeyapima tena. Anadhani humu ndani ni barua ya shukrani, hivyo ukiisoma mbele yake, tafadhali tabasamu. Usimcheleweshe, kuna watu wanamsubiri, na wengine hawajazaliwa. Akishatokea lango la juu, naomba mmoja wenu anipigie simu aniambie "amepita," hilo neno tu linatosha. Wanafunzi nimewapa mapumziko. Nitakuwa nimekaa karibu na simu.