Kontrola yenye Taa Tatu

Jumatatu, 8 Juni 1998. Singida mjini.

Nimeinunua! Naandika nikiwa gesti. Kontrola nimeilaza kwenye mto, mimi nitajibana ukutani. Ni kisanduku cha kupokea umeme wa sola na kuugawa. Muuzaji alikuwa na aina mbili. Ya kwanza kubwa, nzito, rangi ya majivu, haina taa hata moja. Ya pili ndogo, ina taa tatu: kijani betri inachaji, njano betri inapungua, nyekundu umeme umekatwa. Akasema hiyo ndogo, betri ikikaribia kuisha, inakata umeme yenyewe ili betri isife. Nikauliza abiria wa boti yangu wataona nini kwenye ile kubwa. Akasema hawataona kitu. Basi! Nimechukua ya taa.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Bwana Mathayo, afisa kutoka wilayani, anakuja kutoa kibali cha kuvusha watu Ziwa Kitangiri. Kibali kimoja tu. Tangu mvua za El Nino zimeze njia ya ng'ambo, kila mwenye gogo linaloelea anajiita nahodha, na Elisha ndiye anayejiita kwa sauti kuliko wote. Boti yake pana kama karai, na maji anayachota kwa ndoo! Msaidizi wake Stefano anainama na kuinuka njia nzima. Mimi nina boti ndefu, nyembamba, yenye pampu ya umeme. Inavuja kidogo. Boti gani haivuji?

Nikikosa kibali, sijui nitasema nini nyumbani. Boti, pampu, sola, vyote vimetokana na kuuza ng'ombe wawili wa kulimia wa mke wangu Yunisi, aliowanunua kwa alizeti yake mwenyewe. Amenipa muda mpaka mtama uingie ghalani. Ng'ombe wasiporudi, anahamia kwa kaka yake pamoja na binti yetu Eliana. Yunisi hana tabia ya kutisha watu. Akisema amesema.

Jumatano, 10 Juni.

Nimefunga kila kitu. Paneli juu ya paa la boti, betri chini ya kiti changu, kontrola mbele ya macho ya abiria. Fabiano, fundi wa sola wa misheni, akapita kutazama. Hakusifu. Alisema pampu nisiipitishe kwenye kontrola, niiunge moja kwa moja na betri, kwa waya wake na fyuzi yake. Eti kontrola inajali betri, haijali watu. Nikamshukuru sana. Fabiano huyohuyo anauza waya. Tena mke wake ni dada yake Elisha! Mimi si wa kudanganywa mchana kweupe. Kila kitu kimepita kwenye kontrola: pampu, redio kaseti na spika mbili. Nyaya nimezigandisha kwa gundi, mtu asije akazichomoa.

Halafu likanijia wazo, hata ugali sikuumaliza. Uzinduzi! Zahanati ilizinduliwa, kisima kilizinduliwa, hata choo cha shule kilikatiwa utepe. Sola yangu iwe yatima kwa kosa gani? Bwana Mathayo ataizindua. Nimechukua kile kitambaa kikubwa alichodarizi Yunisi, chenye njiwa wawili, anachofunikia kabati la vyombo. Nimeifunika paneli, nimefunga kamba pembe zote nne. Jua haliigusi mpaka mgeni rasmi avute. Kitu kilichokwisha kutumika kinazinduliwaje?

Alhamisi, 11 Juni.

Mazoezi. Wapiga kasia wawili, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, kaseti ya kwaya imefunguliwa mpaka mwisho, pampu inakoroma. Watu wamejaa ufukoni. Elisha kanuna! Jioni ikawaka taa ya njano. Inapendeza sana.

Yunisi ameuliza betri inakula nini ikiwa sola imevishwa nguo. Nikamwambia betri ilitoka Singida ikiwa imejaa. Akauliza imejaa mpaka lini. Maswali ya mtu asiyewahi kumiliki chombo.

Ijumaa, 12 Juni.

Sikulala vizuri. Njano bado inawaka. Boti hata ikisimama inaingiza maji, kwa hiyo pampu lazima ifanye kazi asubuhi na jioni. Leo nililegeza kamba moja ya kitambaa, kidogo tu, jua lichungulie. Mara Stefano huyo, na ndoo yake. Akacheka, akasema bibi harusi anafunuliwa kabla ya ndoa. Nikaikaza tena, mafundo mawili mawili.

Nilizima redio ili kubana matumizi. Halafu nikaiwasha kwa sababu Elisha alikuwa anapita.

Roho iko juu juu. Yunisi amesema sikio la kufa halisikii dawa, akachukua kisu chake akaenda kuvuna mtama.

Jumamosi, 13 Juni.



Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi. Alifika saa kumi jioni. Saa zote hizo pampu inanyonya, kwaya inaimba, nami nimevaa koti. Akavuta kitambaa. Makofi! Vigelegele! Kijani ikawaka! Jua lilikuwa limekwisha kuinama, nikaona linatosha. Nikapakia watu tisa: Bwana Mathayo, karani wake, wazee wa kijiji, na Yunisi pia, maana nilitaka aone kwa macho yake ng'ombe wake wamegeuka kuwa nini. Ndoo sikubeba. Ndoo ni aibu kwenye boti ya umeme.

Katikati ya ziwa ikawaka nyekundu. Pampu ikanyamaza. Kwaya ikakatika kabla ya kumaliza haleluya. Kukawa kimya, tukasikia maji yakiingia.

Nikaigonga kontrola. Nikaipuliza. Nikaibembeleza. Nyekundu tu! Betri ilikuwa salama salimini, ila sisi maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nikakumbuka maneno ya Fabiano, nikavuta waya wa pampu ili niupeleke kwenye betri. Gundi haikuachia. Nikang'ata kwa meno. Haikuachia. Maji yakafika magotini. Wazee wakachota kwa kofia, karani akachota kwa jalada la mafaili, Bwana Mathayo akachota kwa kiatu, na kila akimwaga ananitazama mimi.

Yunisi hakupiga kelele. Alinishika mkono wa koti, akasema, "Baba Eliana, mimi sijui kuogelea."

Sijawahi kuogopa vile tangu nizaliwe.

Elisha alikuja akipiga kasia kama mwendawazimu, Stefano anachota na kumwaga, anachota na kumwaga. Wa kwanza kumpandisha alikuwa Yunisi. Wa mwisho nilikuwa mimi, na betri yangu mkononi. Boti waliikokota mpaka kwenye matope, ikalala ubavu. Fabiano ndiye aliyepanda kuishusha paneli, na kontrola akaitoa kwa kukata nyaya.

Jumapili, 14 Juni.

Kibali kimekwenda kwa Elisha. Bwana Mathayo alitia sahihi amejifunga shuka la kuazima.

Mchana Fabiano akaja. Nilidhani amekuja kunicheka. Hapana. Alisema misheni wanahitaji sola ya pili, na vitu vyangu, paneli, betri na kontrola, bado ni vizima. Yuko tayari kunipa ng'ombe wake mmoja, maksai aliyekwisha kuzoea jembe. Niende Jumatano, tubadilishane.

Yunisi akasema mmoja si wawili, lakini wa pili ataazima kwa kaka yake, na watalima. Hatahama. Akatabasamu! Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Nikatoka nje, nikalia kidogo nyuma ya ghala. Nimejifunza. Tangu leo mimi na mipango basi. Jembe tu.

Jumatano, 17 Juni.

Mungu mkubwa! Alfajiri nilipakia vitu kwenye baiskeli kwenda kwa Fabiano. Njiani nikamkuta mfanyabiashara mmoja wa Mkiwa, anaitwa Calist, gari limemharibikia, amekaa juu ya sanduku kubwa jeupe. Nikauliza ni nini. Mashine ya kutotolesha vifaranga! Mayai mia kwa mara moja, siku ishirini na moja tu, kuku wa kuatamia hahitajiki! Nikapiga hesabu palepale barabarani. Vifaranga wanakuwa kuku, kuku wanakuwa mbuzi, mbuzi wanakuwa ng'ombe. Si mmoja wa Fabiano, kundi zima! Elisha atabaki na maji yake.

Calist alitaka paneli, betri na kontrola. Tumebadilishana upesi, kabla hajageuza mawazo. Masikini, hajui alichopoteza.

Mashine iko chumbani. Inang'aa. Inahitaji umeme tu, hilo ni jambo dogo, nitalifikiria kesho.

Yunisi amerudi kutoka shambani na mzigo wa mtama kichwani. Anauliza kutoka uani nimemfunga wapi yule ng'ombe, ampelekee maji. Nimemwambia atue mzigo kwanza, aingie ndani, kuna habari njema.