Saa Nzima ya Porojo

Jumatatu, 9 Juni
Leo nimepoteza saa nzima, kuanzia saa tatu hadi saa nne asubuhi. Imeliwa na porojo. Elimringi na Mektilda, wabunifu wangu wa programu, walisimama mbele ya ubao wakibishana mteja abonyeze wapi. Huyu anachora, yule anafuta. Na kucheka juu! Watu wawili, ni saa mbili zangu. Kwa wiki, kumi. Na Mama Evarista, muuza vitenge wa jumla, anataka programu ya kuagizia mzigo iwe tayari Ijumaa. Akinikimbia, nafunga ofisi.

Jumanne, 10 Juni
Dawa imepatikana. Elimringi abaki hapa Kariakoo. Mektilda nimempeleka chumba cha Buguruni, jirani na gereji. Marufuku kupigiana simu. Swali lolote lipitie kwangu, kwa maandishi.
Mektilda akasema taratibu, "Bosi, sisi tukiongea ndiyo tunafanya kazi."
Nikamjibu basi kasuku naye ni mhandisi. Alikusanya vitu vyake. Nilijuta kidogo, hadi alipofika kwenye ngazi.

Alhamisi, 12 Juni
Kimya kitamu. Maswali kumi na moja yameingia. Nimejibu mawili. Mengine ya kitoto: eti nani anatengeneza ukurasa wa malipo? Si wao wenyewe!

Ijumaa, 13 Juni
Aibu. Ukurasa wa kuchagua vitenge upo. Upo mara mbili, wa bluu na wa kijani. Mama Evarista kachagua, kabonyeza "lipa". Hakuna kitu. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayetengeneza ukurasa wa malipo.
Mama akaniangalia. "Mwanangu, hawa vijana wako wamegombana?"
Nikasema hapana, Mama, hawajaongea tu.
Akachukua pochi yake, akavuka barabara kwenda kwa Nassibu, mshindani wangu. Wabunifu wa Nassibu hubishana hadi huku tunawasikia.

Jumamosi, 14 Juni
Elimringi kahamia kwa Nassibu. Mektilda naye kaitwa, bado hajaamua. Nimekaa katikati ya meza mbili tupu. Roho inaniuma, sikudanganyi. Nilikuwa na watu wazuri.
Nimetafuta kosa langu asubuhi yote. Nimeliona: maswali kumi na moja. Niliwaruhusu mengi mno.
Nimemtumia Mektilda ujumbe: "Jumatatu unarudi au hurudi? Jibu ndiyo au hapana, leo kabla ya saa kumi jioni. Usipige simu. Sitaki mazungumzo."