Bata wa Flagey Arejeshwa kwa Heshima Zote

Kwa furaha isiyo kifani, Tume ya Chuo ya Kurejesha Turathi, ambayo mimi ni katibu na mkalimani wake, inautangazia ulimwengu kwamba imekamilisha urejeshaji wake wa kwanza. Wenye roho mbaya wanauliza mbona mwenyekiti wetu aliondoka kwenye sherehe ndani ya gari la polisi. Nitaeleza, maana mimi si mtu wa kuficha mafanikio.

Yote yalianzia kwenye maonyesho ya kumbukumbu za timu yetu ya mpira, pale chuoni Etterbeek. Kulikuwa na skafu zilizoliwa na nondo, kiatu cha kushoto cha mshambuliaji aliyefunga goli moja maisha yake yote, na kichwa kikubwa cha bata. Huyo bata ndiye mnyama-nembo wa timu. Asili yake kila mwanafunzi anaijua: baada ya kupigwa kumi na moja bila, vijana walikwenda kujiliwaza kwa chipsi kando ya bwawa la Flagey. Bata mmoja akamnyang'anya nahodha pakiti yake, nahodha akamfukuza, mwenyewe akatumbukia majini. Timu ikaona heri ijiunge na mshindi.

Kichwa chenyewe huvaliwa na Guylain, kijana ambaye miguu yake haielewani na mpira hata kidogo. Bila kile kichwa hana nafasi kwenye timu, hata ya benchi. Na Jumamosi ilikuwa fainali.

Alhamisi alikuja kukichukua pamoja na mama yake, Maman Alphonsine wa mtaa wa Anderlecht, hapa hapa mjini. Wakamkuta mwenyekiti wetu, Profesa Pol, amekikumbatia, anakinusa. Profesa ni Mzungu aliyefundisha Katanga miaka mingi na pua yake inaheshimika.

"Muhogo," alisema, machozi yakimlengalenga. "Hii njo mask ya bankambo. Wazee wetu walitosha hii ku Congo!" Yaani, natafsiri, ni kinyago cha mababu kilichochukuliwa Congo.

"Papa Professeur," Maman Alphonsine akajibu, "ile ni bunga ya fufu. Colle ya magazini ni bei. Ile kichwa nilifanya miye mwenyewe mu cuisine yangu, na carton ya machine à laver. Alors, bankambo gani banakaa mu machine à laver?" Natafsiri tena: gundi ya dukani ni ghali, hivyo alikitengeneza jikoni kwake kwa unga wa muhogo na katoni ya mashine ya kufulia.

"Maman, weye hauwezi kujua. Uko karibu sana nayo."

Huo ni msimamo wa kitaalamu na nauunga mkono. Guylain akashika shingo ya bata, Profesa akashika mdomo, wakavutana. Profesa alishinda, kwa kuwa upande wake ulikuwa na mlinzi.

Tume ilikaa kwa dharura jioni ile ile. Mjumbe wetu Marie-Laure, ambaye bado ni mgeni katika kazi hizi, alipendekeza tumrudishie tu mama wa watu kichwa chake. Profesa alimsahihisha kwa upole. Kumpa mtu kitu chake ni mambo ya mtaani. Kurejesha kunahitaji bendi, kipaza sauti na Tamko la Majuto. Na kwa kuwa mtengenezaji anadai anaishi Anderlecht, tulipitisha kwa kura zote kwamba Anderlecht ni eneo la asili, lenye mila zake.

Jumamosi tukafika chini ya maghorofa yao na matarumbeta. Polisi walitumwa kuzuia umati, yaani majirani wachache waliotoka na kandambili. Guylain alikuwa ameshavaa miguu yake ya njano ya bata, anaangalia saa.

"Papa, leta basi," mama yake akasihi. "Match iko à quatorze heures, saa munane. Mutoto atachelewa."

"Maman, kwanza majuto."

Profesa akalisoma Tamko kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika ghorofa ya mwisho: "Tunakiri kwamba kitu hiki kilichukuliwa kwa nguvu, bila ridhaa ya mwenyewe, na watu waliojua wanachofanya. Tunaona aibu kubwa." Mimi nililia wazi wazi. Bendi ikapiga, kichwa kikakabidhiwa, Guylain akajitumbukiza ndani yake na kutimka kuelekea metro.

Ndipo Inspekta Anaïs, aliyekuwa kwenye lindo, akasogea akauliza: "Kwa nguvu? Nani alichukua?"

"Njo huyu," akasema Maman Alphonsine.

"Lini?"

"Jeudi. Juzi tu."

Inspekta akamgeukia Profesa, akamuuliza kama aliyoyasoma ni ya kweli. Profesa, ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo tangu apewe uprofesa, alijibu kwa majivuno kwamba kila neno amelihakiki mwenyewe. Basi akafunguliwa mlango wa gari, kwa adabu zote.

"Madame, kuna kosa hapa!" alipiga kelele, mguu mmoja ukiwa bado nje. "Hili ni tamko la majuto! Halimaanishi kwamba kuna mtu alifanya kitu!"

Inspekta alimwomba arudie polepole, ili aliandike vizuri.